Je, Wajua? Haki Ni ya Mtu

Je, wajua kwamba tamko la Kanisa Katoliki kuhusu uhuru wa dini halianzi na dini? Maneno yake mawili ya kwanza kwa Kilatini, Dignitatis Humanae, yanataja hadhi ya binadamu, na ndiyo yakawa jina lake.

Kwamba lilipita Roma tarehe 7 Desemba 1965, siku moja kabla ya kufungwa kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano? Waliokubali 2,308, waliokataa 70.

Kwamba mwaka 1832 Papa Gregori XVI alikuwa ameuita uhuru wa dhamiri wazimu? Hoja ya zamani ilikuwa fupi: kosa halina haki. Mtaguso haukusema kosa lina haki. Ulisema mwenye haki ni mtu, na haimtoki hata akikosea, hata asipojisumbua kuutafuta ukweli, mradi asivunje amani ya wenzake. Hapo ndipo penye uzito wote, kwa maoni yangu, maana wengi wetu tukidai uhuru wa dini huwa tunadai wa dini yetu.

Kwamba Mjesuiti wa Marekani, John Courtney Murray, alinyamazishwa miaka ya 1950 kwa kuandika mawazo ya namna hii? Mwaka 1962 hakualikwa kwenye Mtaguso. Mwaka uliofuata akaitwa, akawa mmoja wa waandishi wakuu wa tamko lenyewe!

Kwamba Oktoba 1964, Mtaguso ukiwa bado kwenye mjadala wa tamko hilo, Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu wafiadini 22 wa Uganda, waliouawa enzi za Kabaka Mwanga? Aliwataja pia Waanglikana waliokufa pamoja nao.

Kwamba Papa Nikolao V kwa waraka alimruhusu mfalme wa Ureno kuwatia utumwani wapagani mwaka 1452, kisha mwaka 1537 Papa Paulo III akaandika kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kamili, wasinyang'anywe uhuru wala mali hata kama si Wakristo? Wafanyabiashara wa watumwa waliusikia waraka wa kwanza vizuri zaidi.

Na kwamba Hispania ya Jenerali Franco, iliyojivunia Ukatoliki wake, ililazimika kubadili sheria kwa sababu ya tamko la Roma? Waprotestanti walikuwa wakisali katika majengo yasiyoruhusiwa hata kibao mlangoni. Sheria ya mwaka 1967 ikawaruhusu kuabudu hadharani.