Lugha ya Mteja Penye Michopo: Mfano wa Mji wa Likasi

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi mteja wa kawaida anavyotumia Kiswahili anapojipatia nyama ya kuchoma katika vibanda vya barabarani mjini Likasi, mkoani Haut-Katanga. Nyama hiyo, ambayo mara nyingi ni ya mbuzi, huitwa michopo. Jina hilo halifahamiki Katanga peke yake: hata katika nchi jirani ya Zambia walaji wa nyama ya mbuzi hulitumia. Msomaji wa pwani atafikiria mishikaki, na yule wa Nairobi atafikiria nyama choma. Hata hivyo, kama tutakavyoona, mambo hayo matatu hayafanani katika jambo moja muhimu, nalo ni kipimo.

Swali letu ni hili: mahali ambapo hapana mizani, hapana orodha ya bei, wala hapana stakabadhi, mteja hujilinda kwa njia gani ili apate nyama inayolingana na fedha yake? Tunadai kwamba hujilinda kwa lugha, tena kwa vipengele vya sarufi ambavyo sisi wanachuo tumezoea kuviita makosa. Kwa sababu hiyo makala haya yana lengo la pili, ambalo ni kuonyesha hasara inayopatikana pale tunaponakili maneno ya mteja huyo huku tukiyasahihisha.

Mifano inayotolewa hapa ni ya usemi wa kila siku, ambao msomaji yeyote aliyeishi Likasi ataitambua bila kuelezwa.

2. Mahali na wasemaji wake

Likasi, uliojulikana kwa jina la Jadotville hadi mwaka 1966, ni mji wa madini na viwanda. Umegawanyika katika wilaya nne za mji: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, na baadaye Gécamines iliyorithi shughuli zake, zilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi: Wasanga wenyeji wa sehemu hizi, Waluba wa Katanga na wa Kasai, Walunda, Wabemba na wengineo. Lugha iliyowaunganisha kambini na kiwandani ni Kiswahili. Historia ya jinsi lugha hiyo ilivyoingia na kusimikwa katika Katanga ya kikoloni imeelezwa kwa kirefu na Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1986, kinachohusu miaka ya 1880 hadi 1938.

Mfanyakazi wa kampuni alikuwa akipata posho, yaani mgawo wa chakula uliopimwa. Mpango huo ulidhoofika pamoja na kampuni yenyewe katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Jamaa nyingi zilizokuwa zikitegemea mgawo uliopimwa na mtu mwingine zililazimika kutegemea biashara ndogondogo, ambamo kila kipimo ni cha kuafikiana. Kibanda cha michopo ni sehemu ya uchumi huo. Vifaa vyake ni vichache: jiko la pipa lililopasuliwa au la bati, wavu wa chuma, makala, ubao wa kukatia, kisu, chumvi, vitunguu na pilipili. Mteja hupewa nyama yake juu ya karatasi. Akipenda huila papo hapo kwa mkono, akipenda huipeleka nyumbani ikaliwe kwa bukari.

3. Kuuza na kuuzisha

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa hukwama tangu sentensi ya kwanza. Mteja wa Likasi husema:

(a) Mama, uniuzishie michopo ya falanga elfu tano.

Katika Kiswahili cha Katanga kuuza ni kutoa fedha na kupata kitu, yaani kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita kununua. Anayetoa kitu na kupokea fedha huuzisha. Kwa hiyo mteja ndiye anayeuza, na mwenye jiko ndiye anayeuzisha.

Wengi husema kwamba hapa wasemaji wameigeuza lugha juu chini. Dai hilo halisimami. Kwanza, mpangilio huo una jamaa zake katika lugha za jirani. Katika Kibemba, kwa mfano, ukushita ni kununua na ukushitisha ni kuuza: kitenzi cha msingi ni cha mnunuzi, na cha muuzaji huundwa kwa mnyambuliko wa kutendesha. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi kwetu, Kiswahili sanifu chenyewe kinao mpangilio huo huo. Anayechukua fedha kwa deni hukopa, na anayempa hukopesha. Anayechukua chumba kwa malipo hupanga, na mwenye nyumba hupangisha. Wasemaji wa Katanga wameieneza kanuni hiyo ya Kiswahili hadi kwenye biashara ya sokoni. Wametofautiana na pwani katika upeo wa matumizi ya kanuni, lakini kanuni yenyewe ni moja.

Tukiichambua sentensi (a) tunaona pia kwamba mteja hakutumia amri tupu. Kitenzi kiko katika hali ya dhamira, na kimebeba mnyambuliko wa kutendea: u-ni-uz-ish-i-e. Katika neno moja msemaji amemtaja mtendaji, amejitaja yeye mwenyewe kuwa mfaidiwa, na amelainisha ombi lake. Hiyo si sarufi iliyovunjika.

4. Fedha kama kipimo

Jambo la pili katika sentensi (a) ni kiunganishi ya. Mteja hakutaja uzito wala idadi ya vipande, ametaja fedha. Katika maduka ya nyama choma nchini Kenya mteja huchagua pande la nyama, likapimwa kwa kilo, ndipo likapelekwa motoni. Katika bustani ya Forodhani huko Unguja mishikaki huhesabika kwa kijiti. Mahali pote hapo kipimo kinajulikana na bei ndiyo inayopanda au kushuka. Penye michopo mambo ni kinyume: fedha imetajwa mwanzoni, na kinachoongezeka au kupungua ni nyama.

Matokeo yake kwa mteja ni makubwa. Mbuzi akipanda bei, au thamani ya falanga ikishuka, hakuna anayetangaza bei mpya. Mteja ataendelea kusema ya falanga elfu tano kama alivyosema wiki iliyopita, na atapata fungu dogo zaidi. Kupanda kwa bei hakusikiki katika sentensi ya muuzaji. Huonekana juu ya karatasi tu. Kwa hiyo mteja hana budi kulitazama jiko na kusema juu ya kile anachokiona, kabla kisu hakijashuka. Sentensi inayofuata kwa kawaida ni ya namna hii:

(b) Hapana ile, iko na mifupa mingi.

Kionyeshi ile hapa huambatana na kidole. Mnakili aliyeketi nyumbani na kinasa sauti hataelewa ni kitu gani kinachokataliwa. Na neno mingi, ambalo katika Kiswahili cha Katanga halifuati ngeli (bantu mingi, nyama mingi), hutosha kabisa kwa kazi yake, kwa kuwa kitu chenyewe kiko mbele ya macho ya wote wawili.

5. Viambishi ka- na tu-

Kiswahili sanifu hudunisha nomino kwa kuitia katika ngeli ya ki-/vi-. Kiswahili cha Katanga, kama lugha nyingi za Kibantu zinazokizunguka, hutumia ka- katika umoja na tu- katika wingi. Penye michopo viambishi hivi vina kazi mbili ambazo, kwa kutazama haraka, hupingana:

(c) Uniongezee kanyama kamoja.
(d) Tunyama tubili tu, kwa falanga elfu tano?

Katika (c) mteja anaomba nyongeza, ile ambayo wengine huiita matabisi. Kiambishi ka- hakielezi ukubwa wa kipande. Mteja angefurahi kupewa kipande kikubwa. Kinachodunishwa ni ombi lenyewe, ili muuzaji asione uzito wa kulikubali. Katika (d) mteja analalamika, na tu- inadunisha kile alichopewa. Vipande vyaweza kuwa viwili au vitano. Muhimu ni kwamba msemaji anavitangaza kuwa havifikii haki yake, na anavitangaza mbele ya wateja wengine waliosubiri.

Hivyo basi mteja mmoja, katika muda wa dakika chache, hukipunguza anachokiomba na kukipunguza alichopewa, kwa dhana ile ile ya udogo. Anayezitafsiri sentensi hizo kwa maneno kipande kidogo na vipande vidogo atakuwa ametoa maana ya kamusi na kuiacha hoja ya msemaji.

6. Kulalamika bila kuvunja uhusiano

Kibanda hakina daftari la malalamiko. Silaha ya mwisho ya mteja ni kutorudi, nayo humwumiza yeye pia, kwa kuwa hupoteza mahali alipozoeleka. Kwa sababu hiyo malalamiko hufungwa ndani ya majina ya undugu. Mchomaji wa makamo huitwa mama au papa. Aliyemzidi mteja umri kidogo huitwa yaya, na kijana huitwa mudogo. Majina haya si mapambo. Anayemwita mwenzake mama anajiweka katika nafasi ya mtoto, na mtoto hapunjwi chakula na mama yake. Anayeitikia jina hilo amekubali, walau kwa muda huo, kupimwa kwa kipimo cha uzazi.

Baada ya jina la undugu ndipo hufuata shutuma:

(e) Mais, mama, jana ilikuwa mingi.
(f) Hii iko mbichi. Urudishe ku moto.

Neno la Kifaransa mais, lenye maana ya lakini, limekuwa sehemu ya Kiswahili cha miji ya Katanga. Vincent de Rooij, katika tasnifu yake ya mwaka 1996 juu ya mazungumzo ya Kiswahili cha Shaba na Kifaransa, alionyesha kwamba viunganishi vya Kifaransa vya namna hii husaidia kuujenga usemi, kwa sababu utofauti wao na maneno yanayowazunguka huvuta sikio la msikilizaji. Katika (e) mteja anahitaji hasa mvuto huo: anageuza mazungumzo kutoka kwenye ununuzi wa leo na kuyapeleka kwenye kumbukumbu ya jana. Jana ndiyo mizani yake pekee. Mteja wa mara ya kwanza hawezi kuitamka sentensi (e), na hapo ndipo mazoea yanapokuwa na thamani ya fedha.

Sentensi (f) inatuonyesha mahali pa kutajia mahali. Sanifu ingesema motoni. Katanga husema ku moto, kwa kutumia ku mbele ya nomino badala ya kiambishi tamati -ni. Na hapa tena kitenzi kiko katika hali ya dhamira, urudishe. Mteja amekataa chakula bila kumwamrisha mwenye jiko.

7. Tunavyonakili

Sasa tuitazame sentensi fupi ambayo mwanafunzi aweza kuiokota popote mjini:

(g) Papa anauza nyama.

Herufi zote za sentensi hii, isipokuwa labda neno papa, zinakubalika katika Kiswahili sanifu. Mnakili hataona cha kusahihisha ila ataandika baba, na tafsiri yake itasema kwamba mzee huyo ni mfanyabiashara wa nyama. Kumbe mzee huyo ametoka kazini na anajipatia kipande cha kula. Aliyetoa fedha amefanywa kuwa aliyeipokea. Kosa la namna hii ni baya kuliko yale yanayoonekana, kwa sababu halimshtui msomaji.

Upande wa pili, yako yale tunayoyasahihisha kwa makusudi: kanyama huwa kinyama au kipande cha nyama, ku moto huwa motoni, mingi huwa nyingi, na mais hufutwa kabisa. Nakala inayobaki ni safi, lakini mteja ameondoka ndani yake. Hatuwezi tena kujua aliomba vipi wala alishutumu vipi.

Tunapendekeza mambo manne kwa wanafunzi wanaokusanya data za soko na barabara. Kwanza, waombe ruhusa, kisha wanakili kama walivyosikia. Pili, waweke tafsiri sanifu katika mstari wake peke yake chini ya usemi. Tatu, waandike ni nani anayesema na ni nani aliyeshika fedha, kwa kuwa vitenzi pekee havitoshi kumjulisha msomaji wa pwani. Nne, waandike kidole kilielekea wapi kila panapotokea ile au hii.

8. Hitimisho

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Wasemaji wake wa Haut-Katanga wamechunguzwa kwa bidii. Mwaka 2014 Ferrari, Kalunga na Mulumbwa walichapisha kitabu chenye sarufi, matini na msamiati wa Kiswahili cha Lubumbashi. Hata hivyo katika madarasa yetu bado tunaanza kwa kuhesabu tofauti na sanifu, na kila tofauti tunaipa alama nyekundu.

Hatudai kwamba Kiswahili sanifu kisifundishwe. Makala haya yenyewe yameandikwa kwa lugha hiyo, na bila yake msomaji wa Zanzibar asingeyafuata. Tunachodai ni kwamba kufundisha sanifu ni kazi moja na kuchunguza usemi ni kazi nyingine. Mteja wa michopo hakuja darasani. Amekuja na falanga zake chache, anataka nyama iliyoiva, isiyo na mifupa mingi, isiyopungua ile ya jana, na anataka kesho apokewe vizuri. Haya yote huyapata, au huyakosa, kwa uwezo wake wa kusema. Uwezo huo ndio tunaopaswa kuueleza, na hauwezi kuelezwa kutokana na nakala ambayo tumekwisha kuusahihisha.