Filamu juu ya Mchungaji Martin Luther King: nani alilipa mafuta ya magari?



Vijana wa parokia yetu walipoomba tuwaonyeshe filamu ya televisheni juu ya maisha ya Mchungaji Martin Luther King, tulikubali haraka, maana tulidhani tunajua watakachojifunza. Tulitundika shuka nyeupe ukutani, tukaazima projekta, jenereta ikavuma nje mpaka usiku. Filamu ilipokwisha tulisimama tukiwa tayari kueleza hotuba zake, kwa sababu hotuba ndizo tulizosoma kwenye kitivo cha teolojia. Lakini mkono wa kwanza kuinuliwa ulikuwa wa mama mmoja aliyekaa nyuma, karibu na mlango. Aliuliza: "Baba Mchungaji, mwaka mzima watu hawakupanda basi. Nani alilipa mafuta ya yale magari?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutatafuta. Tunayoandika hapa ndiyo tuliyomletea baadaye, pamoja na maelezo kwa makanisa mengine yanayotaka kuonyesha filamu za namna hii.

Kwanza, filamu zenyewe. Mbili za televisheni zinafaa kutajwa. Ya kwanza inaitwa "King". Ilionyeshwa Marekani na televisheni ya NBC mwezi wa pili mwaka 1978, kwa usiku tatu mfululizo, miaka kumi hivi baada ya Mchungaji King kuuawa kule Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Aliyeiandika na kuiongoza ni Abby Mann. Paul Winfield alicheza kama King, Cicely Tyson kama mke wake Coretta, na Ossie Davis kama baba yake, ambaye naye alikuwa mchungaji. Na aliyecheza kama Rosa Parks, yule mama aliyekamatwa kwa kukataa kumwachia Mzungu kiti katika basi, alikuwa Yolanda, binti mkubwa wa King mwenyewe. Mkumbuke jina hilo, tutalirudia.

Ya pili inaitwa "Boycott", ya mwaka 2001, ya televisheni ya HBO. Jeffrey Wright ndiye King. Hii haisimulii maisha yote. Inakaa katika mji mmoja, Montgomery, jimbo la Alabama, na katika mwaka mmoja tu, ule ambao watu Weusi walisusia mabasi.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Filamu ya kwanza inabeba miaka mingi: Montgomery, Birmingham, Washington, Selma, Chicago, Memphis. Ili mtazamaji asipotee, inabidi imshike mtu mmoja na kumfuata kila mahali. Wengine wanapita kama wasafiri kwenye kituo: unamwona mtu, anasema neno, haonekani tena. Vijana wetu walitoka wakijua jina moja tu. Ile ya pili, kwa kuwa haina haraka, inampa nafasi Jo Ann Robinson, inampa nafasi E. D. Nixon, na mtazamaji anaona kwamba kijana King alikuta kazi imekwisha kuanzishwa na wengine.

Na ndivyo ilivyokuwa. Rosa Parks alikamatwa siku ya Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955. Usiku uleule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa chama cha wanawake Weusi pale mjini, alikwenda chuoni na, pamoja na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, wakachapa makumi ya maelfu ya karatasi za kuwaomba watu wasipande mabasi siku ya Jumatatu. Kulipopambazuka karatasi zilianza kusambazwa. Hakuwa amemngoja mchungaji yeyote. Hata Rosa Parks hakuwa wa kwanza: mwezi wa tatu mwaka uleule msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa kwa kosa lilelile, na baadaye alikuwa mmoja wa wanawake walioshitaki mbele ya mahakama katika kesi iliyofuta sheria ya mabasi.

King alikuwa na miaka 26. Alikuwa na zaidi kidogo ya mwaka mmoja katika kanisa lake la Dexter Avenue. Siku ya Jumatatu mchana walimchagua kuwa kiongozi wa chama kipya, na moja ya sababu ni kwamba alikuwa mgeni: hakuwa bado na maadui wala kundi kati ya wachungaji wa mji. Sisi tuliokaa katika mikutano ya wachungaji tunaielewa sababu hiyo bila kufafanuliwa. Jioni ileile alipaswa kuhubiri mbele ya maelfu katika kanisa la Holt Street, na alikuwa na dakika kama 20 tu za kujitayarisha.

Sasa, mafuta.

Watu Weusi walikuwa sehemu kubwa ya abiria wa mabasi, karibu robo tatu. Walilipa nauli mbele kwa shofere, na mara nyingi walilazimishwa kushuka tena na kuingia kwa mlango wa nyuma. Walipoacha kupanda, bado walipaswa kufika kazini, wengi wao wakiwa wamama wanaofua na kupika katika nyumba za Wazungu upande wa pili wa mji. Mwanzoni mashofere Weusi wa teksi waliwabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Wakubwa wa mji wakakumbusha kwamba kuna sheria: teksi haiwezi kutoza chini ya senti 45. Basi kanisa likaingia kazini. Kamati ya usafiri ilikusanya magari yapata 300 ya watu binafsi. Wabeba barua, ambao walizijua njia zote za mji, walisaidia kupanga vituo: 48 vya kuondokea asubuhi na 42 vya kurudia jioni. Baadaye makanisa yalinunua magari marefu na kuyaandikisha kwa majina ya makanisa. Kampuni za bima zilipoyakataa magari hayo, bima ilitafutwa ng'ambo, ikapatikana London. Mapolisi walikamata mashofere kwa makosa madogo madogo ya barabarani. King mwenyewe alitiwa gerezani tarehe 26 Januari 1956 kwa kuendesha maili 30 kwa saa pale paliporuhusiwa 25.

Kazi hiyo ilikula maelfu ya dola kila mwezi. Sehemu ya fedha ilitoka mbali, kwa makanisa na marafiki wa majimbo mengine. Sehemu nyingine ilitoka jikoni.

Pale Montgomery palikuwa na mama aliyeitwa Georgia Gilmore. Alikuwa mpishi katika nyumba ya kula ya mjini na mama wa watoto kadhaa. Alikuwa ameacha mabasi hata kabla ya wengine, kwa sababu siku moja shofere alipokea nauli yake, akamwamuru ashuke aingie kwa nyuma, halafu akaondoa basi na kumwacha barabarani. Kususia kulipoanza, aliwakusanya wamama wachache. Walipika kuku, sandwichi, keki, wakauza kwenye mikutano na nyumba kwa nyumba. Kikundi chao walikiita "Klabu ya Kutoka Popote", maana wamama wengi walifanya kazi kwa Wazungu na wangefukuzwa kama majina yangejulikana. Mtu akiuliza fedha hizi zimetoka wapi, jibu lilikuwa tayari: hazikutoka mahali popote. Mama Gilmore peke yake ndiye aliyewajua wote waliochangia na walionunua, na kati ya walionunua walikuwamo hata Wazungu.

Siku za mkutano alisimama mbele ya kusanyiko na kutangaza kiasi walichopata, watu wakapiga makofi na vigelegele. Wamama wa upande mwingine wa mji wakaanzisha kikundi chao, wakashindana nani ataleta zaidi. Tulipofika hapo katika maelezo yetu, wamama wa kwaya yetu walicheka kwa sauti. Wanaujua mchezo huo.

Mwezi wa tatu mwaka 1956 serikali ya pale ilimshitaki King kwa sheria ya zamani, ya mwaka 1921, iliyokataza kususia biashara. Mama Gilmore alikwenda kutoa ushuhuda mahakamani, akasimulia habari ya yule shofere. Alipoteza kazi. King akamtia moyo na kumsaidia apike nyumbani kwake mwenyewe, na tangu hapo meza yake ikawa mahali pa kula pa viongozi wa harakati, pamoja na mawakili na watu wa kawaida. King alihukumiwa kulipa dola 500.

Haya yote hayaonekani katika saa nyingi za filamu ya 1978. Hatusemi waliotengeneza walikuwa na nia mbaya. Kamera inapenda mtu anayesema, na mama anayekaanga kuku hasemi sana. Ila sisi tunaoangalia tusiseme kwamba alichokosa kuonyesha mwongozaji hakikuwapo.

Jambo la pili tunataka kulieleza polepole zaidi, kwa sababu liligawanya kusanyiko letu. "King" ilipotoka, baadhi ya waliofanya kazi na Mchungaji King walilalamika kwamba imemfanya mtu wa kusitasita, anayesukumwa na wengine. Vijana wetu nao walinung'unika walipomwona kwenye shuka akiwa na hofu. Mmoja alisema shujaa wa imani haogopi.

Lakini King mwenyewe ndiye aliyesimulia hofu yake, katika kitabu alichotoa mwaka 1958. Ilikuwa usiku wa tarehe 27 Januari 1956, kesho yake baada ya kutoka gerezani. Simu ililia kama zilivyolia nyingi kabla yake, na sauti ikamtishia kifo. Hakuweza kulala. Alikwenda jikoni, akachemsha kahawa, akawaza jinsi ya kuacha uongozi bila kuonekana mwoga. Kisha akainamisha kichwa juu ya meza akaomba kwa sauti, akikiri mbele ya Mungu kwamba nguvu zimemwishia. Aliandika kwamba katika kuomba huko alipata amani, na hofu ikaanza kumwachilia. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Januari, alipokuwa mkutanoni, bomu lililipuka barazani kwake. Ndani walikuwamo Coretta, mama mmoja wa kanisa, na mtoto mchanga wa wiki kumi. Mtoto huyo ni Yolanda, yule aliyekuja kucheza kama Rosa Parks. King alikimbia nyumbani akakuta umati wenye hasira, wengine na silaha mkononi. Akawaomba warudi kwao kwa amani, nao wakarudi.

Tulimjibu yule kijana kwamba asome habari ya nabii Eliya chini ya mti jangwani, kisha atuambie kama nabii alikuwa shujaa. Sisi wachungaji wa mashariki tunajua simu za usiku. Hatuoni kwa nini tuombe filamu ituonyeshe mchungaji asiye na hofu, mtu ambaye hatujawahi kukutana naye. Hata udhaifu wake mwingine, katika ndoa yake, ambao polisi wa upelelezi wa FBI waliunasa kwa siri na kuutumia kumvunja, tunadhani vijana wakubwa wanaweza kuelezwa kwa maneno ya adabu. Wakiusikia kwanza kwa watu wa kudhihaki, watadhani kanisa lilidanganya.

Jambo la tatu ni fupi. Maneno mnayoyasikia katika filamu si lazima yawe ya King. Mazungumzo ya chumbani na jikoni yametungwa na mwandishi. Wakati mwingine hata hotuba zimetungwa: katika "Selma", filamu ya sinema ya mwaka 2014, hotuba ziliandikwa upya kwa mfano wa zake, kwa sababu haki za kutumia maneno yake yenyewe hazikupatikana. Kwa hiyo, wapendwa wahubiri, msichukue sentensi kutoka kwenye filamu na kuiweka mimbarani kama neno la King. Tuliwahi kufanya hivyo, na mwalimu mmoja wa sekondari akatusahihisha mlangoni baada ya ibada.

Kwa makanisa yenye muda wa usiku mmoja tu, tunashauri "Boycott". Ionyesheni, na wamama wakae mbele.

Susio lilichukua siku 381. Karibu na mwisho, tarehe 13 Novemba 1956, wakati King ameketi mahakamani akingoja hakimu ayapige marufuku magari ya kanisa, habari ilifika kwamba Mahakama Kuu ya Marekani imefuta ubaguzi katika mabasi. Magari yalipigwa marufuku hata hivyo. Amri ya Mahakama Kuu ilichelewa kufika Montgomery mpaka tarehe 20 Desemba, na kwa majuma hayo matano watu walitembea kwa miguu.

Yule mama aliyeuliza swali alitaka kujua pia mwisho wa Mama Gilmore. Aliendelea kupika. Mwezi wa tatu mwaka 1990, Montgomery ilipokuwa ikijitayarisha kuadhimisha miaka 25 ya maandamano ya kutoka Selma, alikuwa jikoni akiwaandalia wageni kuku na makaroni, akaugua na kufariki. Watu walipokuja kwenye msiba, jamaa yake waliwapakulia chakula hicho.