Kwenda Idjwi kwa boti: hatari iko pia karibu na kufika

Familia inayotaka kushinda siku moja ku kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, inapanda boti. Wengi wanaogopa mawimbi ya katikati. Lakini tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi yenye kutoka Minova, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na Kituku, Goma.

Boti ikijaa sana, uzito unakuwa juu. Watu wakisimama na kusogea wote upande mmoja ili washuke, inalala, kisha inapinduka.

Basi wazazi, ikijaa, ngojeni ingine. Muvalishe watoto jile. Mukae chini mpaka kamba ifungwe. Hata ku Ziwa Nzilo, upande wa Kolwezi, ni vilevile.