Kikulacho Ki Nguoni: Funzo la Programu ya CCleaner

Katika ofisi za umma, shuleni na katika maduka ya steshenari, watumiaji wengi wa kompyuta hutegemea programu za usafishaji ili kufuta mafaili yasiyohitajika na kuongeza nafasi ya kuhifadhi. Ili zifanye kazi hiyo, programu hizo hupewa ruhusa ya kuingia karibu kila sehemu ya kompyuta. Tukio la CCleaner la mwaka 2017 lilionesha hatari ya ruhusa hiyo inapoangukia mikononi mwa wahalifu.

CCleaner ilitengenezwa na kampuni ya Piriform ya London, Uingereza, ambayo Julai 2017 ilinunuliwa na Avast, kampuni ya Jamhuri ya Czech inayotengeneza programu za kuzuia virusi. Tarehe 15 Agosti 2017 lilitolewa toleo la 5.33. Kabla ya hapo, wadukuzi walikuwa wamejipenyeza katika mifumo ya Piriform na kupachika programu hasidi ndani ya toleo hilo. Likatoka likiwa na saini halali ya kidijitali, na likapakuliwa kutoka katika seva za kampuni yenyewe. Mtumiaji hakuwa na njia rahisi ya kulitilia shaka.

Kompyuta zipatazo milioni 2.27 zilipokea toleo hilo. Programu hasidi ilikusanya taarifa, zikiwemo jina la kompyuta na orodha ya programu zilizomo, na kuzituma kwa wadukuzi. Hao walichagua kompyuta takribani 40 tu, zilizokuwa katika kampuni za teknolojia na mawasiliano, na kuzipelekea programu hasidi ya pili. Udukuzi huo uligunduliwa na wataalamu wa Morphisec na Cisco Talos, ukatangazwa hadharani tarehe 18 Septemba 2017.

Toleo safi la 5.34 lilikuwa limekwisha kutolewa tarehe 12 Septemba. Hata hivyo, CCleaner ya bure haikujisasisha yenyewe. Asiyepakua toleo jipya aliendelea kutumia lenye sumu bila kujua. Kwa sababu hiyo, si sahihi kuhitimisha kwamba kusasisha programu ni hatari. Sasisho lilileta tatizo, na sasisho ndilo lililoliondoa.

Kinga ya kwanza ni kupunguza idadi ya programu. Kila inayoongezwa ni mlango mwingine, na Windows tayari ina zana yake ya kufuta mafaili ya muda. Pili, nakala rudufu za nyaraka zitunzwe nje ya kompyuta: Cisco Talos iliwashauri walioathirika kurejesha kompyuta katika hali iliyokuwapo kabla ya 15 Agosti, jambo lisilowezekana kwa asiye na nakala. Tatu, mtumishi awasiliane na Kitengo cha TEHAMA kabla ya kuweka programu yoyote katika kompyuta ya ofisi, ili tahadhari inapotolewa ijulikane mara moja ni kompyuta zipi za kushughulikiwa.