CD na DVD zako zinahitaji flashi ya GB ngapi? Piga hesabu kabla ya kulipa

Labda nawe unalo lile boksi chini ya tivii: CD za picha, DVD ya harusi, DVD ya mazishi ya mzee. Kwa familia za Bungoma kuna pia video za tohara, maana Wabukusu hutahiri vijana Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Ile ya 2008, 2010 au 2012 huenda bado iko kwa DVD tu.

Shida ni kwamba laptopu nyingi mpya hazina mahali pa kuingiza diski, na CD au DVD ya kurekodiwa huharibika polepole ikikaa kwenye joto na jua. Dawa ni kwenda saiba mjini, iwe Kitale au Bungoma, uhamishiwe kila kitu kwa flashi, kisha ulipe kwa simu. Lakini usitume pesa kabla ya kujua unalipia ukubwa gani.

Hesabu yenyewe

GB 1 ni MB 1,000, na TB 1 ni GB 1,000. Diski iliyojaa hubeba hivi:

- CD ya kawaida (MB 700, dakika 80 za muziki): karibu GB 0.74
- DVD ya kawaida: GB 4.7
- DVD ya tabaka mbili: GB 8.5
- Blu-ray ya tabaka moja: GB 25

Kwa hivyo flashi ya GB 16 inabeba DVD 3 za kawaida zilizojaa. Ya GB 32 inabeba 6, na ya GB 64 inabeba 13. Ukitaka kuziweka mtandaoni, ile nafasi ya bure ya GB 15 ya akaunti ya Google inatosha DVD 3 tu. Na bando la GB 1 halifikishi hata robo ya DVD moja.

Mfano

Tuseme una CD 10 na DVD 5, zote zimejaa. CD: 10 × 0.74 = GB 7.4. DVD: 5 × 4.7 = GB 23.5. Jumla ni GB 30.9. Flashi ya GB 32 itaingiza, lakini itabaki imebanwa kabisa. Hapo heri ununue ya GB 64.

Kumbuka pia si kila diski imejaa. Mwambie mhudumu akufungulie diski kwa kompyuta muone ukubwa halisi. DVD ya sherehe fupi inaweza kuwa na GB 1 na kitu tu.

Mbona flashi ya GB 32 inaonyesha 29.8?

Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, lakini kompyuta nyingi zinahesabu kwa 1,024. Ni kitu kilekile kimepimwa kwa vipimo viwili. Hata DVD ya GB 4.7 itasomeka kama 4.38. Kwa hivyo usikimbilie kuomba pesa irudishwe kwa sababu hiyo peke yake.

Na hii je: "Flashi imekataa na bado ina nafasi"?

Flashi nyingi za GB 32 kurudi chini hutoka dukani na mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja inayozidi GB 4. Video ikiunganishwa kuwa faili moja ya GB 4.7, itakataliwa. Mwambie mhudumu aibadilishe kuwa exFAT *kabla* ya kuweka chochote, kwa sababu kubadilisha hufuta vyote vilivyomo.

Kabla ya kubonyeza "tuma"

1. Jihadhari na flashi ya TB 1 au 2 inayouzwa bei ya kutupa. Kuna bandia zinazoandika TB 1 kwa kompyuta lakini ndani ni ndogo sana. Ukijaza, faili za mwanzo zinaharibika bila wewe kujua.
2. Elewaneni kama bei ni kwa diski au kwa GB, na kama flashi imo ndani ya hiyo bei.
3. Kazi ikiwa kubwa, lipa kiasi kidogo kwanza. Salio litume baada ya kufungua video kadhaa, za mwanzo na za mwisho, na kuona zinacheza.
4. Ukilipa kwa till, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama si la hiyo biashara, simama hapo.
5. Usifute ujumbe wa malipo. Ndio risiti yako kukitokea ubishi.

Usitupe diski zako siku hiyohiyo. Weka nakala ya pili kwa flashi nyingine, umwachie ndugu mwingine nyumbani, kwa sababu hata flashi hupotea na kufa. Na mtu yeyote akikupigia akisema ametoka kwetu na anataka PIN yako ili "arudishe malipo", kata simu. Sisi hatuulizi PIN ya mteja.