Ugonjwa ukipungua, nani anaendelea kuhesabu?

Hebu nikuulize swali. Mwaka jana ni watu wangapi mtaani kwenu ambao wangeugua kipindupindu lakini hawakuugua? Huwezi kujibu, na mimi pia siwezi. Hakuna gazeti linaloandika habari za mtu ambaye hakuugua. Tatizo la afya ya jamii linaanzia hapo: ikifanya kazi vizuri haionekani, na kisichoonekana ndicho kinachokatwa kwanza bajeti ikibana.

Mifumo ya afya ya jamii imedhoofika katika nchi nyingi, tajiri na maskini. Ili uone inavyotokea, tuchukue mji mmoja na ugonjwa mmoja. Mji ni New York, ugonjwa ni kifua kikuu, yaani TB.

Tuanze na bakteria mwenyewe. Bakteria wengi wa tumboni wanaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Huyu wa TB anahitaji saa 20 hivi. Ni mvivu, na kwa sababu hiyo kumuua kunachukua muda. Matibabu ya kawaida ni miezi 6. Shida ni kwamba baada ya wiki chache tu za dawa homa inakata, kikohozi kinatulia, hamu ya kula inarudi. Mgonjwa anajiona amepona. Kumbe bado.

Na kwa nini anapewa dawa za mseto? Fanya nami hesabu. Katika kila bakteria milioni 1 hivi, mmoja huwa tayari ana badiliko la kinasaba linalomfanya asidhurike na dawa iitwayo isoniazidi. Kwa rifampisini, ni mmoja katika kila milioni 100 hivi. Sasa, tundu moja kwenye pafu la mgonjwa linaweza kubeba bakteria milioni 100. Ukimpa isoniazidi peke yake, wanabaki kama 100 wasioijali, na hao ndio watakaozaana. Ukimpa zote mbili kwa pamoja, wa kuzikwepa zote ni mmoja katika trilioni 100. Kifuani mwa mtu hakuna bakteria wengi kiasi hicho.

Hesabu hii ni tamu, ila ina sharti: mgonjwa ameze dawa zote, bila kurukaruka, hadi mwisho. Sharti hilo halimo ndani ya kidonge. Liko kwa muuguzi anayeandika jina kwenye daftari, na kwa mtu anayekwenda kubisha hodi mgonjwa asipotokea. Huo ndio mfumo wa afya ya jamii. Dawa bila mtu huyo ni nusu ya tiba, na kwa TB nusu ya tiba inaweza kuwa mbaya kuliko kutokutibu, kwa sababu inafuga usugu.

Turudi New York. Tangu dawa zipatikane, wagonjwa walikuwa wakipungua. Mwaka 1978 mji mzima ulisajili wagonjwa wapya takriban 1,300 tu. Kazi ikaonekana kama imekwisha. Tayari mwaka 1972 serikali kuu ilikuwa imeacha kutenga fedha maalumu za TB, na mwaka 1975 mji wenyewe nusura ufilisike. Kliniki za kifua zikafungwa, vitanda vikaondolewa, wafuatiliaji wakapunguzwa.

Na unajua nini kilitokea siku ya pili yake? Hakuna. Ukikata umeme, taa inazima papo hapo. Ukikata afya ya jamii, taa inaendelea kuwaka kwa miaka, na aliyekata anapongezwa kwa kubana matumizi.

Kisha ikaja HIV, ambayo hubomoa kinga ya mwili. Watu wasio na makazi waliongezeka, wakawa wanalala wamebanana kwenye mabweni ya mji, na magereza yakafurika. Mwaka 1988 madaktari Karen Brudney na Jay Dobkin waliwafuatilia wagonjwa 178 walioruhusiwa kutoka hospitali moja ya Harlem wakiwa wameanzishiwa dawa za TB. Asilimia 89 hawakumaliza matibabu. Wengi wao hawakuwa na makazi ya uhakika, na hakukuwa na mfumo wa kutosha wa kuwatafuta. Mwaka 1991, mgonjwa 1 kati ya 5 hivi mjini humo alikuwa na TB sugu kwa isoniazidi na rifampisini kwa pamoja. Mwaka 1992 wagonjwa wapya walifika 3,811.

Sasa sikiliza sehemu inayotuhusu. Miaka hiyo hiyo New York ilipokuwa ikifunga kliniki, Tanzania ilikuwa ikijenga. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, kwa msaada wa wafadhili na ushauri wa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia. Vifaa vilikuwa hadubini, dawa, mratibu katika kila wilaya, na daftari. Kila robo mwaka daftari lilifunguliwa na kila jina likatolewa maelezo: huyu amepona, huyu amefariki, huyu ametoroka dawa, huyu amehamia kwingine. Hakuna jina lililoachwa likining'inia. Wagonjwa karibu 8 kati ya 10 wakapona.

Thomas Frieden, aliyesimamia udhibiti wa TB New York kuanzia 1992, amesimulia kwamba Styblo alipomtembelea alimuuliza: wagonjwa uliowasajili mwaka jana, umewaponya wangapi? Frieden hakuwa na jibu. Alikuwa na takwimu za kila aina, isipokuwa hiyo.

Mji ukajifunza upya. Watumishi wakatumwa majumbani, kwenye mabweni, hata chini ya madaraja, kumwona mgonjwa akimeza dawa. Kufikia 1994 wagonjwa walishuka hadi 2,995, na wakaendelea kushuka. Lakini gharama ya kuzima moto ule ilikadiriwa kupita dola bilioni 1, mara nyingi zaidi ya kilichookolewa kwa kufunga kliniki.

Kwa nini nakusimulia haya leo? Mwaka 2023 TB iliua watu milioni 1.25 duniani, ikiongoza tena kati ya magonjwa yanayosababishwa na kimelea kimoja. Januari 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na katika nchi nyingi za Afrika watu waliopoteza kazi ni pamoja na wale wale wa kubisha hodi. Dawa zinaweza kuwa bado ziko stoo. Taa bado inawaka.

Kwa hiyo ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba ugonjwa fulani umepungua, furahi, lakini usiishie hapo. Uliza kama Styblo: kati ya walioanza dawa, wangapi wamemaliza? Na yule aliyeacha katikati, nani ametumwa kwenda kumtafuta? Ukiambiwa hakuna aliyetumwa, fahamu kwamba mfumo umeshaanza kuanguka, hata kama idadi ya wagonjwa bado inashuka.