Waya wa njano na redio isiyokumbuka

Anayenunua gari lililotumika Japani hununua pia lugha yake. Kila alfajiri ninapoliwasha langu, sauti ya mwanamke, laini na yenye adabu, hunieleza jambo kwa Kijapani. Kwa miezi kadhaa sikujua asemalo. Jirani yangu alishikilia kwamba ananitakia safari njema. Mwanangu alidai kwamba ananikumbusha kufunga mkanda. Hatimaye nilimchukua mwenzangu mmoja anayeijua lugha hiyo, akasikiliza, akacheka mpaka akashika mbavu. Mama huyo, alisema, anakuarifu kwamba hujaingiza kadi ya kulipia ada ya barabara kuu. Barabara zenyewe ziko Japani, na kadi hiyo sikuwahi kuwa nayo, lakini yeye hajachoka kuidai.

Nimeanza na kisa hiki, msomaji mpenzi, kwa kuwa chombo kinachotoka ugenini huja na mazoea ya kwao, na mazoea hayo hayaonekani wazi kama yanavyoonekana katika redio. Sheria zetu haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililopita umri wa miaka minane, na mengi tunayoyaleta hutoka Japani. Redio za huko ziliundwa zinase masafa ya FM yanayoanzia 76 na kukomea 90, au 95 katika magari ya miaka ya karibuni. Masafa yetu huanzia 87.5 hadi 108. Redio ya Kijapani ikishafika Mombasa huwa kama mtu aliyesimama mlangoni mwa ukumbi: salamu za ufunguzi anazisikia, hotuba yenyewe haimfikii.

Mafundi wetu wana dawa ya ugonjwa huo. Ni kijisanduku kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio, na kazi yake ni kuyashusha masafa. Kikishusha kwa 14, kituo cha Capital FM, ambacho Nairobi hujitambulisha kwa 98.4, hupatikana penye 84.4. Mtangazaji anataja namba moja, redio inaonyesha nyingine. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi kwamba uhusiano wa neno na kitu ni mapatano tu ya watu, niliweza kuishi na mapatano hayo mapya. Mke wangu, ambaye hakushirikishwa katika mapatano, hakuweza.

Isitoshe, dawa hiyo haimalizi ugonjwa. Radio Citizen, iliyo katika 106.7 jijini Nairobi, ikishushwa kwa 14 huangukia 92.7, nje ya mpaka wa redio inayokomea 90. Ukitafuta kijisanduku kinachoshusha kwa 18, Citizen itaingia penye 88.7, ila vituo vyote vilivyo chini ya 94 vitatumbukia chini ya 76, visisikike. Hesabu haimwonei mtu haya. Masafa yetu yana upana wa 20.5, ya redio hiyo ni 14. Gunia la kilo ishirini halitiwi lote katika mfuko wa kilo kumi na nne. Ndipo nilipoamua kununua redio mpya.

Anayetafuta vyombo vya sauti jijini Nairobi huelekezwa barabara ya Luthuli, nami nilielekea huko. Nilijifunza kwamba redio za kununua dukani zina vipimo vilivyokubaliwa na viwanda vingi duniani: upana wa milimita 180 kwa kimo cha 50, au kimo cha 100 kwa zile zenye kioo kikubwa. Toyota nyingi za Japani huachiwa nafasi ya milimita 200, ndiyo maana redio mpya ikikaa ndani yake huacha upenyo kulia na kushoto, unaozibwa kwa vipande vya plastiki. Nilijifunza pia kwamba huuzwa kiunganishi ambacho upande mmoja huingia katika plagi ya gari na upande wa pili hushikana na nyaya za redio, hata usihitajike mkasi kabisa katika plagi ya gari.

Haya yote, kwa masikitiko, niliyajua baadaye. Fundi wa kwanza aliniambia kwamba kiunganishi ni gharama ya bure. Alikata plagi ya gari, akazisokota nyaya kwa vidole, akazifunga utepe, akarudisha dashibodi. Muda wote huo mimi nilikuwa nimeketi pembeni nikisahihisha insha za wanafunzi. Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu cha maelezo katika lugha kadhaa, Kiswahili si mojawapo. Nilikitia mfukoni bila kukifungua. Sikuona kwamba kilinihusu. Fundi si yupo?

Redio iliimba vizuri sana siku ile. Kesho yake ilikuwa imesahau kila kitu. Saa ilirudi mwanzo, vituo nilivyovihifadhi vilifutika, na sauti niliyoipima kwa makini ilirudi ilivyotoka kiwandani. Nikaipanga upya. Nilipozima gari na kuliwasha tena, ikasahau tena. Kwa wiki mbili nilikuwa kama mwalimu wa darasa ambalo kengele ikilia hufuta kichwani yote yaliyofundishwa. Kisha siku moja ikanyamaza kabisa. Nilimrudia fundi, akagundua kwamba fyuzi imekatika. Badala ya kuuliza imekatwa na nini, aliondoa fyuzi na kuweka kipande cha waya mahali pake, "isitusumbue tena." Nilimshukuru na kumlipa.

Fyuzi, kwa asiyeijua, ni kiungo kilichofanywa dhaifu kwa makusudi. Fyuzi ya ampia 10 hukubali kufa ili nyaya zisife, na gari lisife, na aliyemo asife. Kuiondoa na kuweka waya ni kumfunga mdomo mlinzi kwa sababu anapiga kelele usiku. Siku chache baadaye nilikuwa nikirejea kutoka mashambani jioni, mwanangu amelala kiti cha nyuma, niliposikia harufu ya plastiki inayoungua. Moshi mwembamba ulichomoza chini ya redio. Nilisimama kando ya barabara, nikamtoa mtoto, nikafungua boneti na kung'oa kichwa cha betri kwa mikono iliyotetemeka hata bisibisi ikaniponyoka mara mbili. Moshi ulikoma. Mtoto aliuliza kama tumefika nyumbani.

Fundi wa pili nilielekezwa kwake katika barabara ya Kirinyaga. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, asiyependa maneno mengi. Aliichomoa redio, akaziangalia nyaya, akatikisa kichwa.

"Mwalimu," akasema, "redio hii haina ugonjwa. Aliyeifunga ndiye aliyeibadilishia kazi. Njoo utazame."

Nikainama. Akaushika waya wa njano. "Huu ni wa kumbukumbu. Haulali hata ukizima gari, kwa sababu ndio unaolisha ukumbusho wa redio. Huu mwekundu ni wa ufunguo. Huamka na ufunguo na kulala nao. Yeye aliufunga wa kumbukumbu penye stima ya ufunguo, na wa ufunguo penye stima isiyokatika. Sasa redio itakumbuka vipi, na kila ukizima gari unaikata chakula?"

"Na wakifungwa wote penye stima isiyokatika?"

"Itakumbuka, mwalimu, lakini redio yenyewe haitajua gari limezimwa. Ukisahau kuizima, asubuhi utakuta betri imekufa."

Akaendelea kunifundisha, nami nikatoa kalamu. Mweusi ni wa bodi, ndio unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Wa buluu ni wa antena, na ule wa buluu wenye mstari mweupe huamsha kikuza sauti, kwa mwenye nacho. Wa rangi ya machungwa hupunguza mwanga wa kioo taa za gari zikiwashwa. Kisha spika: mweupe ni mbele kushoto, wa kijivu mbele kulia, wa kijani nyuma kushoto, wa zambarau nyuma kulia, na kila mmoja ana pacha wake mwenye mstari mweusi, ambaye ni hasi. Chanzo cha moshi kilikuwa utepe: joto la dashibodi lilikuwa limeulainisha hadi waya wa njano ukabaki uchi na kugusa chuma. Fyuzi ya kwanza ilikatika kwa sababu hiyo hiyo; ilikuwa imejaribu kutuonya.

Alifunga kiunganishi, akatia fyuzi, akawasha. Mlikuwa na mluzi uliopanda na kushuka kadiri nilivyokanyaga mafuta. Akakwangua rangi mahali pa chuma, akakaza upya waya wa bodi kwa skrubu, mluzi ukatoweka. Tatizo hilo ni la kale. Paul Galvin na wenzake wa Chicago walipounda, mwaka 1930, redio ya gari waliyoiita Motorola, moja ya kazi kubwa ilikuwa kuzuia cheche za injini zisivume ndani ya spika. Jina lenyewe ni somo la uundaji wa maneno: mota ikaunganishwa na kiishio cha -ola, kilichosikika katika majina ya mashine za santuri za zama hizo. Waliohitaji jina waliliunda wenyewe, kama ilivyoundwa "waya wa kumbukumbu" ya kijana wangu.

Nilimuuliza aliyajulia wapi haya. Alisema alifundishwa na fundi aliyemtangulia, kwa maneno hayo hayo. Shuleni je? Akacheka. Fizikia aliiacha mara tu alipofika kidato cha tatu na kuruhusiwa kuiacha. Alisema umeme wa kitabuni ulikuwa na Kiingereza kingi kuliko umeme.

Msomaji mpenzi, sentensi hiyo imenisumbua kuliko ule moshi. Nimefundisha isimu kwa miaka mingi. Nimeketi katika semina ambamo wasomi walishindana kuhusu istilahi za sayansi, na mimi mwenyewe nimewapa wanafunzi orodha za maneno yaliyobuniwa mezani. Sikuwahi kumtuma mwanafunzi hata mmoja gereji. Na siku nilipokuwa na boksi la redio mkononi, kijitabu kilichoandika habari za waya wa njano kilikuwa mfukoni mwangu kwa lugha ninayoisoma bila taabu, na sikukisoma. Huku aliyekihitaji, yule fundi wa kwanza, hakupewa kwa lugha anayofanyia kazi. Kati ya uvivu wangu na ukimya wa kijitabu, mtoto wangu nusura aungue.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Kirinyaga wanayo. Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: maneno ya gereji hayafanani. Waya ambao fundi wangu aliuita wa bodi, jirani yake aliuita athi, na wa tatu akauita negativu. Mwanafunzi akienda kwa maneno ya karakana moja atapotea katika nyingine. Ni kweli, na hiyo ndiyo kazi inayotusubiri sisi tuliosomea lugha: kukusanya, kulinganisha, kuchagua lililo wazi, na kuliandika mahali ambapo mtu wa koleo na bisibisi atalikuta. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi usiofika kwenye karatasi ya maelezo ya fyuzi bado una safari.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mpeleke mwanafunzi wako kwa fundi wa umeme wa gari akiwa na daftari, aandike jina la kila waya na kazi yake, kisha alete karatasi moja ya maelezo ambayo fundi mwenyewe ataisoma na kuirekebisha. Huo ni ufahamu, ni muhtasari, na ni sayansi. Nanyi wanafunzi, mjiulize mliyosoma yamefungwa penye waya upi. Elimu iliyofungwa penye ufunguo wa mtihani huwaka vizuri mradi ufunguo umo. Ukitolewa, saa hurudi mwanzo.

Redio yangu sasa inakumbuka. Nikiiwasha asubuhi hunikaribisha katika kituo nilichokiacha jana, kwa namba yake halisi, na kwa sauti ya kiasi, kwani nimeishi na matatu za kutosha kujua kwamba spika nne hazihitaji kusikika mitaa minne. Lakini kabla ya taarifa ya habari kuanza, yule mama wa Kijapani hutangulia kuidai kadi yake. Kijisanduku chake hakihusiani na redio, na fundi alijitolea kukiondoa. Nilimwambia akiache. Hunikumbusha kwamba mtu anaweza kuonywa kila siku, kwa adabu na kwa lugha sanifu, asielewe lolote.